Mguu wa Mwangangi na Kadi ya Nyuso Sita

Mwangangi alizaliwa miguu kwanza. Nilikuwepo, nilimshika mamake mabega, na hapa siongezi chumvi: miguu ilitoka asubuhi, kichwa kikaja watu wameshakula cha mchana. Mkunga alipoona nyayo zimetangulia akasema, "Huyu atakula kwa miguu." Na ikawa. Akiwa na miezi saba alikuwa anatembea. Wako watu hapa Maungu watakaowaambia ilikuwa miezi kumi na tatu, lakini hao wakati huo walikuwa bado hawajahamia.

Wazazi wake walitoka Ukambani mwaka wa njaa, wakaja kulima huku chini, ambako mvua hupita juu yetu kama bibi harusi, tunaipungia mkono inakwenda kushukia kwa Wataita milimani. Alisoma hadi darasa la sita. Akachunga mbuzi. Akakata mkonge Mwatate miaka miwili, akarudi na makovu ya miiba mikono yote. Akamwoa Mbithe, msichana asiyecheka ovyo, wakapata binti yao Ndanu. Halafu ranchi iliyo ng'ambo ya reli ikamchukua kuwa mtu wa fensi.

Kazi ya fensi ni hivi. Kuna waya wa umeme kati ya ndovu na mashamba. Waya huo ukiangukiwa na tawi, au nyasi zikiugusa, umeme unakufa, na ndovu wanajua kabla yako. Kwa hiyo kila alfajiri Mwangangi alitembea kilomita kumi na mbili, panga mkononi, anafyeka, anaunganisha, anasimamisha nguzo. Waya uliokatika alikuwa anaujua kwa kunusa. Haya, hilo la kunusa nimeongeza. Lakini ndovu walimheshimu. Kulikuwa na dume moja la pembe moja, likimwona linarudi nyuma hatua nne na kushusha masikio kama mzee anayevua kofia mbele ya chifu. Mbithe anasema hatua mbili. Tuseme tatu.

Miaka kumi na minne alitembea laini hiyo ya waya kama kibarua. Jina lako likisomwa mwisho wa mwezi, uko. Lisiposomwa, nenda nyumbani. Ndipo Januari ya mwaka jana msimamizi wao, Donald, akawakusanya na kusema ranchi itaandika mtu mmoja kazi ya kudumu: yenye matibabu, likizo, na kitu cha kushika uzeeni. Atakayetaka, siku ya mwisho ya Juni atembee laini yake yote, ndani ya buti za kazi, amalize kabla ya saa tano.

Sote tulijua hiyo kazi ni ya nani. Mwangangi angeitembea laini hiyo amelala.

Ila kidole kilikuwa kimeanza.

Buti za ranchi huja za saizi ya wenye miguu ya kawaida, na Mwangangi alikuwa na mguu ambao mbuzi mdogo angeweza kulala kivulini mwake. Kidole gumba cha kulia kilibanwa mpaka ukucha ukageuka, ukaanza kuingia ndani ya nyama. Yeye akachukua wembe akaukata pembeni. Kila alipoukata, ukarudi na ncha kali zaidi. Mbithe akajaribu kitunguu cha moto, akajaribu mafuta ya taa, akajaribu maombi. Kidole kikavimba kikawa kama nyanya iliyoiva, na katika buti hakiingii ila kwa kuuma meno.

Mwezi wa pili wakaja watu wa chuo kikuu pale kwenye zahanati yetu. Kazi yao: kucha. Nikadhani ni mzaha. Watu waliosoma mpaka macho yakaomba miwani, wanatoka Nairobi kuja kukagua kucha za Maungu! Lakini nilikwenda, maana hata mimi nilikuwa na ukucha wa namna hiyo mguu wa kushoto, nimeishi nao kama mtu anavyoishi na mkwe.

Tulikuwa sitini. Wakata mkonge, wapakiaji wa malori, watu wa fensi, na vikongwe wawili watatu. Daktari wao, kijana aitwaye Derrick, akasimama akatueleza kwamba kuna njia mbili za kutibu. Ya kwanza, wanakudunga ganzi, wanakata ukanda mwembamba wa ukucha pembeni, wanapaka dawa inayoua mzizi usiote tena. Ya pili hakuna kisu: wanainua ncha ya ukucha na kupachika pamba chini yake, kila siku unaloweka mguu kwenye maji ya chumvi na kubadilisha pamba, mpaka ukucha ujifunze njia mpya.

"Na gani ndiyo bora?" akauliza mtu.

"Hatujui. Ndiyo maana tumekuja kwenu."

Nikampenda hapo hapo. Daktari anayesema hajui, nilikuwa sijawahi kumwona.

Tukaweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali, kila mtu akaokota bahasha yenye njia yake ndani. Yangu ikasema nikatwe. Ya Mwangangi ikasema pamba.

"Mwaitu Katuku," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, mama, "tubadilishane."

Derrick akasikia. "Hairuhusiwi, mzee. Mkianza kubadilishana hatutajua kitu. Lakini usiogope." Na akatusomea sharti moja, polepole, hata mimi nisiyejua kusoma nikalishika: mtu wa pamba akisema ana maumivu makali mara mbili zinazofuatana, anatolewa kwenye pamba na kukatwa siku hiyo hiyo.

Maumivu yalipimwa kwa kadi. Kila baada ya wiki mbili unakwenda, unakuta msichana anayeitwa Wendy, mdogo, mwenye adabu, ana kadi yenye nyuso sita zilizochorwa. Wa kwanza unacheka. Wa pili unatabasamu. Hivyo hivyo mpaka wa sita, ambao unalia machozi kama bomba. Unamwonyesha Wendy uso wako, anaandika, anapiga picha kidole, picha inatumwa Nairobi, chai na mkate, kwaheri.

Sasa sikilizeni nilichofanya mimi.

Nilikatwa Jumanne. Sindano ilichoma kama mwiba wa mkonge, basi. Siku ya kumi na mbili nilikuwa nimevaa kiatu cha kanisani na kucheza wimbo wa sadaka mbele ya watu, nimepona kabisa. Lakini nilipofika kwa Wendy na kadi yake, nikafikiri: nikionyesha uso wa kucheka ataandika na kusema "next". Na yule mama aliyenitangulia alionyesha wa tano, nikaona Wendy akaweka kalamu chini, akamshika mkono, akamuuliza maswali, akamwongezea sukari kwenye chai. Tangu mume wangu afe hakuna aliyeniuliza ninaumwa wapi. Nikaonyesha wa sita.

"Pole sana, shosho! Inauma aje?"

"Mjukuu wangu, mchana kinapiga ngoma. Jioni kinabweka. Jirani alikuja kuuliza kama nimenunua mbwa."

Benchi lote likaanguka kwa kicheko. Wendy mwenyewe alicheka, halafu akaandika sita. Na wiki ya nne ikawa sita, na wiki ya sita ikawa sita, na kila mara kidole kilikuwa na habari mpya. Mara kimeota ndoto. Mara kimetabiri mvua. Watu walianza kuja mapema wapate nafasi karibu nami.

Mwangangi yeye alifanya kinyume. Kila siku ya kwenda kwa Wendy, Mbithe alimkamua usaha asubuhi, akasugua mguu kwa jiwe, akaupaka mafuta ya mgando mpaka ukang'aa. Maana unapigwa picha, na picha inakwenda Nairobi, utapelekaje mguu mchafu? Nyumbani kwao hawajawahi kupigwa picha bila mafuta. Kwa hiyo Nairobi wakaona kidole chekundu kidogo, kisafi kama yai. Na Wendy alipomsalimu, "Habari ya mguu, baba?" yeye alijibu kama anavyojibu mtu mwenye adabu zake, "Mzuri, mama, tunashukuru," na kidole chake cha mkono kikaenda kwenye uso unaocheka.

Mbithe ndiye aliyekuja kwangu analia. Kwamba nyumbani mumewe haweki hata shuka juu ya mguu. Kwamba anakwenda laini amefungua buti mbele kwa kisu, jambo ambalo Donald akiliona ni makosa. Na hiyo siku ya Juni inakuja.

Wiki ya nane, mwishoni mwa Aprili, tulikaa benchi moja mimi naye, watu kumi hivi wakisubiri. Nikamwambia kwa sauti ya chini:

"Baba Ndanu, leo mwonyeshe uso unaolia. Leo na siku ile nyingine. Watakukata, upone."

"Mwaitu, huyu msichana ni wa umri wa Ndanu. Mimi nikae hapa, mwanamume niliyetahiriwa kwa kisu baridi, nimwonyeshe mtoto uso unaotoa machozi?"

"Ni karatasi tu."

"Basi ilie yenyewe." Akacheka kidogo. Halafu akaniinamia, naye hakuwa anacheka tena. "Na kitu kingine. Wewe ulikatwa, na huu ni mwezi wa pili bado unalia. Niambie kweli. Huko kukatwa kunauma hivyo? Kwa sababu nimebakiza wiki tisa. Nikikatwa nikae kama wewe, buti nitavaaje?"

Haya. Hapo ndipo. Ningemwambia tu. Maneno mawili, "Nilishapona," yangetosha. Lakini upande wa pili wa benchi watu walikuwa wamenyamaza, wamegeuza masikio, wanangoja kusikia kidole cha Susu, yaani bibi, ndivyo wanavyoniita, kimefanya nini wiki hii. Na mimi nilikuwa nimeshakiandaa.

"Mwanangu," nikasema, kwa sauti ya watu wote, "nimezaa tisa, na mapacha ndani yake. Ningerudia wote tisa kwa siku moja kuliko kukatwa ukucha. Juzi kimepiga yowe, treni ikasimama ikidhani ni stesheni."

Walicheka mpaka mpakiaji mmoja akamwaga chai. Mwangangi naye akacheka. Akatikisa kichwa, akaitwa, akaingia. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona akionyesha uso wa kwanza.

Nilijiambia nitamwambia njiani. Njiani tulikuwa na watu. Nikajiambia kesho. Mwajua kesho.

Mwisho wa Mei watu wa chuo wakakusanya kadi zao wakaondoka. Tarehe thelathini Juni ikafika. Sikuwepo kwenye laini. Haya nimeyapata kwa Sylus, kijana aliyekuwa anatembea laini ya jirani, naye mengine aliyapata kwa Donald, na kwake siongezi hata neno.

Mwangangi alijaza pamba kidoleni, akafunga karatasi ya nailoni juu yake, akavaa buti nzima, isiyokatwa. Donald alimfuata nyuma kwa pikipiki, polepole. Kilomita tano za kwanza alikwenda kama zamani. Ya saba akaanza kukanyaga kwa kisigino. Ya tisa akashika nguzo, akasimama. Donald akazima pikipiki.

"Mzee, pumzika. Muda bado upo."

"Nikikaa sitainuka, bwana Donald."

Akaendelea. Sylus anasema kila hatua buti ilikuwa inatoa sauti, kama mtu anayetembea na maji ndani. Saa tano ikapita yuko kilomita ya kumi. Donald alitazama saa yake mara moja akaificha chini ya mkono wa shati. Mwangangi akamaliza laini yote. Alifika saa saba kasorobo, akakuta Sylus amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, maana yeye alikuwa amemaliza saa nne.

"Ningekuwa mimi ndiye mwenye ranchi," Donald akamwambia, na hakumaliza.

"Umefanya kazi yako," Mwangangi akajibu. "Sylus, hongera. Nguzo ya kilomita ya tatu ina mchwa, uiangalie."

Kuivua buti hawakuweza. Waliikata. Hospitalini Voi wakasema usaha umeshafika kwenye mfupa, siku nyingi. Wakaondoa kidole. Mwezi uliofuata wakaondoa cha pili na kipande cha wayo. Na ranchini, hata kwa kazi ya kibarua, mtu asiyeingia kwenye buti haingii getini.

Septemba watu wa chuo wakarudi kutuletea majibu. Wakapiga hema uwanjani pa zahanati, soda na keki. Mwangangi alikuja na fimbo, akaketi safu ya nyuma. Wendy akasimama na chati yenye mistari miwili, akatueleza kwa furaha kwamba pamba imeshinda. Waliowekewa pamba, hasa wanaume, walisema maumivu yao ni kidogo sana. Waliokatwa, kuna waliokuwa na maumivu makali kwa miezi. Na kwa kuwa pamba ni rahisi na haihitaji kisu, kuanzia mwezi huo zahanati yetu itaanza na pamba kwa kila mtu. Watu wakapiga makofi.

Nikainuka. Nikashika kiti cha mbele kwa nguvu, mimi niliyewahi kusimama mbele ya simba. Hapana. Sijawahi kusimama mbele ya simba.

"Mimi nilidanganya," nikasema. "Nilipona siku ya kumi na mbili. Tangu hapo kidole changu hakikuniuma hata siku moja. Na hawa wanaume waliowaambia wanacheka walikuwa wanaumwa. Hiyo chati yenu imekaa kichwa chini."

Halafu mtu akauliza kutoka nyuma, "Susu, na ile treni iliyosimama?"

"Haikusimama! Hakuna treni iliyosimama!"

Ehe! Hema lilitaka kung'oka. Walicheka, wakapiga meza, mmoja akalia, "Leo amezidi! Leo anadanganya kwamba alidanganya!" Wendy akapangusa macho. "Shosho, tulikumiss," akasema, na watu wakanipigia makofi kuliko walivyopigia chati.

Derrick peke yake hakucheka. Baadaye alinifuata kwenye mapipa ya maji.

"Nyanya, ulichosema ni kweli?"

"Ni kweli, mwanangu."

"Ni wewe peke yako, au na wengine?"

"Waulize wanaume. Lakini uwaulize bila msichana."

Akasugua uso kwa viganja viwili. "Ripoti imeshatumwa," akasema. "Na nikiandika kwamba bibi mmoja amebadilisha maneno chini ya hema..." Akaangalia kule walikokuwa bado wanacheka. Aliniahidi ataandika. Sijui kama aliandika. Sisomi.

Nilirudi nyumbani na Mwangangi. Njia ni moja, hatukuwa na la kufanya. Fimbo, mguu, fimbo, mguu. Tulipovuka reli akasema, bila kunitazama:

"Siku ya kumi na mbili."

"Ndiyo."

"Kabla ya ile siku ya benchi."

"Kabla. Siku nyingi kabla."

Akatembea kidogo. "Na kukatwa kwenyewe? Kuliuma vipi?"

"Sindano tu, mwanangu. Kama mwiba. Unahesabu kumi, imeisha."

Akasimama. Akahesabu, nikaona midomo yake ikienda, moja, mbili, mpaka kumi. Halafu akaegemea fimbo.

"Tangulia, Mwaitu. Mimi ni wa polepole."

Nikatangulia.

Sasa Mbithe ndiye anayekwenda kibarua, analima vitunguu kule Mata, anarudi mara moja kwa mwezi na mgongo umepinda. Ndanu ameacha shule yuko naye. Mwangangi hukaa mlangoni kwake akichambua ndengu. Fensi anaiona kutoka pale. Nikipita ananisalimu vizuri, ananiuliza habari za wajukuu, ananikaribisha kiti, kisha anarudi kwenye ndengu zake.

Juzi Mutindi, mama mmoja anayekata mkonge, alipita kwangu akichechemea, pamba imetokeza kwenye kidole, ngozi pembeni imekuwa ya zambarau. Nilimkimbilia mpaka njiani. Nikamshika mkono, nikamwambia atoe hiyo pamba, apande gari aende Voi leo hii akakatwe, nikamwambia habari ya Mwangangi yote, tangu mwanzo, bila chumvi hata punje.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku anatabasamu. Kisha akanipiga begani kwa upendo.

"Susu na wewe!" akasema. "Leo hata ndovu hukumweka ndani ya hadithi?"

Akaenda zake, anakanyaga kwa kisigino.